Nimejaribu Eno, Zam-Buk na kitabu cha posta cha bibi, majibu haya hapa

Bibi yangu alikuwa anauza maandazi Tanga enzi za mkoloni, alipofariki kabati lake nikaachiwa mimi, na ndani nikakuta kopo la Blue Band (lile la bati, sio hili la plastiki) limejaa vitu vyake: kikopo cha Zam-Buk kimebaki kutu, chupa ya Eno tupu, na kitabu cha Benki ya Akiba ya Posta kimeliwa na mchwa kuanzia jalada la nyuma. Nikasema hivi vitu mbona vingine bado tunavyo mpaka leo, ngoja nivijaribu niwape riviu ya kweli, maana matangazo ya zamani yalikuwa yanadanganya mchana kweupe. Eno ya enzi za Malkia Victoria iliuzwa kwamba inazuia homa na kusafisha damu, jamani, chumvi ya tumbo hiyo!

Zam-Buk nimalize haraka. Ilianzia Leeds, Uingereza, mwaka 1902, ya kijani, inanukia mkaratusi na kafuri, kikopo chake mpaka ukifungue kucha imeshavunjika. Nimepaka kwenye magaga wiki mbili usiku na soksi juu, imesaidia kweli. Kung'atwa na mbu pia sawa. Ila walikuwa wanaitangaza kwa majipu, kuungua, bawasiri, kila kitu, hapo hapana, kidonda cha maana nenda hospitali. Nyota tatu.

Sasa Eno, hapa ndo kuna mambo. Aliyeitengeneza ni mfamasia wa Newcastle, James Crossley Eno, miaka ya 1850, na jina lake ni chumvi ya matunda lakini tunda humo hakuna. Soma pakiti ya gramu 5: baikaboneti ya soda gramu 2.32, asidi ya ndimu gramu 2.18, na kabonati ya soda nusu gramu. Mimi nikasimama pale jikoni nikacheka, maana hiyo ni beking pauda imevaa koti la daktari! Beking pauda nayo ni soda na asidi, tofauti kubwa wanaongeza wanga mkavu kama wa mahindi ili isichemke ndani ya kopo kabla hujaitumia. Ile aliibuni Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1843 kwa sababu mkewe hamira ilikuwa inamdhuru, mume wa kuigwa huyo.

Nikaoka keki mbili za chai, moja beking pauda moja Eno. Ya Eno mara ya kwanza niliimwagia kwenye unga ikafanya fyuuu povu likapanda mpaka ukingoni, nikafurahi, simu ikaita nikaenda kuongea kama dakika ishirini hivi, kurudi povu limekufa, nimeoka kitu kama kipande cha sabuni. Eno haikusubiri wewe, ikiguswa na maji imeanza kazi na ikimaliza imemaliza, kwa hiyo weka mwisho kabisa, koroga mara tatu nne, tia kwenye oveni. Mara ya pili ikaumuka vizuri tu, laini, ila kuna kachumvi kwa mbali ulimini. Wamama wa Kihindi wanaopika dhokla, ile keki ya mvuke ya unga wa dengu, wanalijua hili siku nyingi, wala sijagundua kitu mimi. Kwa maandazi usijaribu, maandazi yanataka hamira na muda, na bibi kwenye mkate wa kumimina alikuwa anatia tembo la mnazi na hakuna pauda ya dukani inayoleta ile harufu.

Duka moja mtaani liliniuzia pakiti imeingia unyevu, ngumu kama jiwe, kwa hiyo ukinunua bonyeza kwanza. Beking pauda nayo tia kijiko kwenye maji ya moto, isipochemka tupa. Kama dawa, Eno kwa kiungulia cha pilau inafanya kazi, dakika chache unacheua. Lakini pakiti moja ina sodiamu kama gramu 0.85 na WHO wanasema mtu mzima asizidi gramu 2 kwa siku, wenye presha msiigeuze soda ya kila jioni. Nyota nne jikoni, tatu tumboni.

Kitabu cha posta. Mfumo wa kuweka akiba posta ulianza Uingereza mwaka 1861, Kenya ukafika 1910, kwetu Tanganyika miaka ya 1920. Kule Uingereza riba ilikuwa asilimia 2.5, yaani nusu peni kwa kila pauni kamili kwa kila mwezi kamili, vipande chini ya pauni havizai kitu. Pauni ilikuwa shilingi 20, sasa kama na kwetu ilikuwa hivyo, piga hesabu muuza maandazi anayelipwa zile senti za tundu, ambazo bibi alikuwa anazitunga kwenye uzi, auze mangapi ndo afike! Kwa riba nakipa nyota moja. Kwa kutunza nakipa tano, kila ukipeleka hela karani alikuwa anaandika kwa wino, anasaini, anagonga muhuri wa tarehe, na usiku ukitamani kanga ulikuwa huwezi kuzitoa, sio kama sasa hela iko kwenye simu inakuita. Kibubu kinavunjwa, mchezo unategemea mwenzio asikimbie, kitabu kinategemea mchwa tu.

Ukurasa wa kwanza umepona. Pale pa sahihi kuna alama ya dole gumba la bibi, na katikati umepita mstari mweupe, lile kovu lake la mafuta ya maandazi, alilokuwa akilipaka Zam-Buk kila siku nikiwa mdogo. Zam-Buk nakupunguzia nusu nyota.