Makumbusho ya Kijiji, Dar es Salaam: nyumba zinazojibu swali la "wewe ni mtu wa wapi?"

Konda wa daladala anapoita "Makumbusho, Makumbusho!" kwenye Barabara ya Bagamoyo, abiria wengi hushuka wakiwahi kazini au kuunganisha gari jingine, na ni wachache wanaokumbuka kwamba kituo hicho pamoja na mtaa unaokizunguka vilipata jina kutokana na Makumbusho ya Kijiji, yaliyoanzishwa mwaka 1966 na ambayo leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Nimekwenda huko mara kadhaa, mara ya mwisho nikiwa na baba yangu, na ninaandika kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama panastahili nusu siku yake. Panastahili, tena zaidi kwa Mtanzania kuliko kwa mtalii.

Ndani ya uzio, chini ya miti, zimejengwa nyumba za ukubwa halisi kwa namna ya jamii mbalimbali za nchi: msonge wa Wahaya, nyumba ya Wachaga, ya mianzi ya Wanyakyusa, ya pembe nne ya Wazaramo, na tembe la Wagogo. Ningemshauri mgeni aanze na tembe. Paa lake ni bapa, la miti na fito zilizofunikwa kwa udongo. Kuta zake ni fupi, na kwa desturi ya Ugogo vyumba huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Dodoma nyasi ndefu za kuezekea ni haba, upepo ni mkali, na mvua si nyingi kiasi cha kulimomonyoa paa la udongo kila mwaka, kwa hiyo nyumba hiyo ni jibu sahihi la nchi yake. Ukitoka hapo ukatembea hadi kwenye msonge, ambao nyasi zake huteremka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi kwa sababu Bukoba mvua ni jambo la kawaida, unaona jinsi utu wa mahali unavyoanzia kwenye udongo, mvua na mifugo, kabla haujapewa jina la kabila au la mkoa.

Tarehe ya kuanzishwa kwa mahali hapa inanigusa sana. Mwaka uliofuata, 1967, ndipo Tanzania ilipofanya sensa ya mwisho kuuliza watu kabila lao. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza tena. Naona ulikuwa uamuzi wa busara kwa taifa lenye makabila zaidi ya 120, lakini matokeo yake ni kwamba kipimo kilichobaki mikononi mwetu ni mkoa, na mkoa ni mstari unaoweza kuchorwa upya. Baba yangu alizaliwa Ziwa Magharibi. Mimi nilizaliwa katika nyumba ileile, ila hati zangu zinasema Kagera, jina lililokuja baada ya vita vya 1978 na 1979. Shangazi yangu aliyeolewa Maswa alikuwa mkazi wa Shinyanga hadi mwaka 2012, Simiyu ilipoanzishwa, akawa mtu wa mkoa mwingine bila kuhamisha hata jiwe moja la jikoni.

Kwenye msonge baba aliinama na kuingia bila kuelekezwa, akasimama kimya mpaka macho yakazoea giza, kisha akanyoosha mkono kuonyesha mahali bibi yake alipokuwa akilala na mahali ambapo watoto walikatazwa kupita. Alizungumza juu ya nyasi kavu walizokuwa wakitandaza sakafuni, na harufu yake zikiwa mpya. Yeye ameishi Dar es Salaam zaidi ya miaka arobaini, na kwa hesabu ya sensa ni mmoja wa wakazi 5,383,728 wa mkoa huu waliohesabiwa mwaka 2022. Hesabu hiyo ni ya kweli, na mkono ule ulionyooshwa gizani nao ulisema kweli.

Jambo moja mgeni alibebe akilini mwenyewe: nyumba moja haiwezi kusimama badala ya jamii nzima, wala haikuganda katika wakati mmoja. Mwaka 1971, wakati tembe lilikuwa tayari ni kitu cha kuhifadhiwa, Operesheni Dodoma iliwahamishia Wagogo wengi katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Ugogo wa leo una mabati na matofali ya kuchoma, na Mgogo anayeishi chini ya bati hajapungua Ugogo wake. Anayeliangalia tembe bila kuijua habari hiyo atadhani anaangalia watu waliokwisha kupita.

Nendeni mchana, ili mkiwa na bahati mkute na ngoma, na mvae viatu vya kutembelea kwenye mchanga. Zaidi ya yote, msiende peke yenu. Mchukueni mzee wa nyumbani kwenu, mumwache atangulie, na akisimama mlangoni mwa nyumba anayoijua msimharakishe.