Karatasi ya kadi za mkono: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayeanza kutengeneza kadi kwa mkono, ziwe za Idi, Krismasi, kipaimara, mahafali ya kidato cha nne au zile ambazo Wakenya huwapelekea watahiniwa kuwatakia mtihani mwema, mara nyingi huingia dukani na kuchukua mapambo kwanza: riboni, shanga, stika za maua, gundi ya kumetameta. Karatasi huwa ya mwisho, tena yoyote iliyopo. Ndiyo maana kadi nyingi zilizopambwa vizuri hupinda kabla hazijamfikia mwenyewe, au husimama mezani kidogo tu kisha zikalala chali. Mimi nashauri mpangilio huo ugeuzwe. Anza na bahasha, ifuate karatasi, kisha gundi, na mapambo yanunuliwe kwa chenji itakayobaki.

Karatasi nilizozipanga hapa zinapatikana katika maduka ya steshenari ya miji yetu. Bei hupishana sana kati ya duka na duka, kwa hiyo nimetazama zaidi unapata kadi ngapi kwa karatasi moja, na kadi hizo zitadumu vipi.

Kwa nini bahasha kwanza

Kadi isiyo na bahasha ya saizi yake ni kazi bure. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikunja katikati unapata kadi ya A5, ambayo bahasha yake ni C5 (162 kwa 229). Ukiikata nusu kwanza, kila nusu ukiikunja unapata kadi ya A6 (105 kwa 148), na bahasha yake ni C6 (114 kwa 162). Kwenye vitabu mambo yanaishia hapo. Dukani kwetu, bahasha zinazojaa rafuni ni zile ndefu za barua za ofisi, DL, zenye milimita 110 kwa 220, pamoja na za kaki za A5 na A4. C6 nyeupe nzuri wakati mwingine unaitafuta usiipate.

Basi fuata soko. Kutoka kwenye A4 kata kipande cha milimita 200 kwa 210, ukikunje kiwe kadi ndefu ya 100 kwa 210. Itaingia kwenye DL bila kubanwa, na ukanda unaobaki wa 97 kwa 210 unatosha vibandiko vya jina vya kufunga kwenye zawadi. Kadi ndefu ya namna hii inapendeza mno kwa maua ya shina refu, minara ya msikiti au mstari wa ngalawa.

Ukitaka A6 na bahasha haipo, itengeneze mwenyewe kwa karatasi moja ya A4 ya kawaida. Katikati chora uso wa bahasha, upana 155 na kimo 112. Chini yake ongeza mgongo wa kimo cha 95, juu yake mfuniko wa 50, na kila ubavu ukanda wa 20 wa kupaka gundi. Jumla ni upana wa 195 na urefu wa 257, kwa hiyo A4 inatosha na kubaki. Kata kiolezo kimoja kwa kadibodi ya boksi, halafu zinazofuata ni kuzungushia penseli tu.

Kwa wanaotuma kwa posta, jambo moja la kuzingatia ni uzito. Katika posta nyingi hatua ya kwanza ya barua ni gramu 20. Kadi ya A6 ya karatasi ya gramu 250 ina uzito wa karibu gramu 8, na bahasha yake karibu 4, kwa hiyo una nafasi ya kitambaa na shanga chache bapa. Kadi ya A5 ya gramu 300 ina karibu gramu 19 peke yake. Ukishaitia kwenye bahasha umepita.

Gramu zinazoandikwa kwenye pakiti

Uzito wa karatasi hutajwa kwa gramu za mita moja ya mraba, na kwenye pakiti utaona gsm. Karatasi ya kutolea kopi ni 80. Hiyo ni ya barua na bahasha. Usiifanye kadi, hata ukiikunja mara mbili. Chini ya 200 kadi ya A5 haisimami vizuri. Kati ya 220 na 300 ndipo kadi inapokuwa kadi. Ukipita 350 utahangaika kukunja, na mkasi wa kawaida utaanza kutafuna kingo.

Pakiti ikiwa imeshafunguliwa na muuzaji hajui gramu, omba karatasi moja, ikunje taratibu bila kuibana mkunjo, uisimamishe juu ya kaunta. Ikiegemea upande au ikifunguka hadi chini, irudishe.

Nafasi ya 1: kadi nyeupe isiyong'aa, gramu 250 hadi 300

Hii ndiyo ya kununua kama unanunua moja tu. Wapo wachapaji wanaoiita aivori. Ni nyeupe au rangi ya maziwa, uso wake ni laini bila mng'ao, inapokea peni ya wino, penseli ya rangi, muhuri na gundi bila ugomvi. Ukibahatika kukuta karatasi ya chapa ya Conqueror ya gramu 300 yenye mistari myembamba inayohisika kwa kidole, chukua karatasi chache kwa ajili ya kadi za harusi na shukrani. Kadi ya aina hiyo haihitaji pambo kubwa. Jina lililoandikwa kwa mwandiko mzuri linatosha.

Ubora wake huonekana kwenye mkunjo, na hapa naomba nikae kidogo. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukikunja sambamba na nyuzi, mkunjo unanyooka; ukikunja kwa kuzikatiza, mkunjo unachanika vijinyuzi na kadi inataka kufunguka. Kujua nyuzi zimelala wapi, ipinde karatasi polepole kwa viganja viwili, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, bila kuivunja. Mpindo unaokubali kirahisi ndio ulio sambamba na nyuzi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hufuata ule urefu wa 297. Ndiyo sababu kadi ya A6 iliyotokana na A4 hiyo hukunjika safi, ilhali ya A5 na ile ndefu ya DL hugoma: mikunjo yake inakatiza nyuzi.

Dawa ya kugoma huko ni kuchora mfereji kabla ya kukunja. Chukua peni ya bik iliyokwisha wino, weka rula ya chuma mahali pa mkunjo, pitisha ncha mara mbili kwa nguvu ya kiasi. Geuza karatasi na utaona kituta kidogo. Kunja kuelekea upande huo wa kituta, ili kibaki ndani na mfereji ubaki nje. Kisha pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo, ukiwa umeweka karatasi safi katikati ili usiache alama ya kung'aa.

Nafasi ya 2: mabaki ya wachapaji

Kwa anayetengeneza nyingi, hii ingeweza kuwa ya kwanza. Viwanda vidogo vya uchapaji, kuanzia vile vya Kariakoo hadi River Road ya Nairobi, hukata karatasi kubwa kwa mashine na kubaki na vipande virefu vya kadi nzuri ambavyo havina kazi tena. Nenda asubuhi kabla kazi haijawazidi, salimia, eleza unachofanya, omba vipande vya angalau milimita 150 kwa 210. Vingi huuzwa kwa bei ndogo sana, na kingo zake zimenyooka kuliko utakavyokata wewe nyumbani.

Kasoro yake ni kwamba huchagui. Leo ni rangi ya maziwa, wiki ijayo ni kadi yenye mng'ao. Ukiahidi kadi 40 za mwaliko zinazofanana, usitegemee mabaki. Na kabla ya kubeba, piga mstari wa peni kwenye kipande kimoja, hesabu hadi kumi, usugue kwa kidole gumba. Wino ukitembea, kipande hicho ni cha kubandika juu ya kadi nyingine tu.

Nafasi ya 3: kava za kubaindia

Watu wengi hawazifikirii, na zipo katika kila duka linalotoa kopi. Ni zile kadi za A4 zenye vinyweleo kama ngozi zinazowekwa nyuma ya ripoti, kwa kawaida za gramu 230, katika buluu ya bahari, kijani, maruni, nyeusi. Muuzaji atakuuzia moja moja. Kwa kadi ya heshima, mathalani ya kumuaga mwalimu anayestaafu au ya kumpongeza mzee aliyerudi kutoka Hija, maruni yenye dirisha dogo la karatasi nyeupe mbele hupendeza kuliko chochote cha kiwandani.

Tatizo ni ndani: peni haionekani kwenye rangi nzito. Weka karatasi nyeupe ya 80 iliyokatwa ndogo kidogo kuliko kadi, ibandike kwa ukanda mwembamba wa gundi kandokando ya mkunjo tu. Ukiipaka gundi yote, itavuta na kadi itapinda.

Nafasi ya 4: manila kubwa

Manila ya chati za shuleni ndiyo rahisi kuliko zote. Karatasi moja ya saizi ya A1 (594 kwa 841) inatoa A4 nane, yaani kadi 16 za A6. Kwa watoto, kwa darasa zima, na kwa kujifunza kukunja na kukata, siioni ya kuishinda. Lakini nyingi ni nyepesi, hazina gramu zilizoandikwa, kingo huota vinyweleo ukitumia mkasi butu, na rangi zake kali hupauka zikikaa dirishani penye jua. Usiikubali ikiwa imezungushwa na kufungwa kwa mpira kwa muda mrefu, maana ule mviringo hautoki kirahisi. Omba iliyolazwa.

Nafasi ya 5: karatasi za mkono

Zinaniuma kuziweka chini, kwa sababu nazipenda. Kadi za maganda ya migomba zinauzwa katika maduka ya sanaa ya Afrika Mashariki. Kisumu wapo waliogeuza gugumaji la Ziwa Victoria kuwa karatasi. Na Kwale, kwenye hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, karatasi ilitengenezwa kwa kinyesi cha tembo kilichochemshwa na kusafishwa. Kila moja ina sura yake. Hata hivyo unene wake haulingani, mkunjo hukatika, na wino husambaa. Nunua moja tu, uichane kwa mkono badala ya kuikata, ubandike kipande mbele ya kadi ya nafasi ya kwanza. Hapo itaonekana vizuri zaidi kuliko ingekuwa kadi nzima.

Ya kuacha: karatasi ya picha yenye mng'ao

Inavutia macho dukani. Ukiikunja, uso wake hupasuka na mstari mweupe hutokea katikati ya rangi. Peni nyingi haziandiki juu yake, gundi ya maji haishiki. Itumie kuchapia picha ya maharusi utakayobandika, na iishie hapo.

Gundi

Utepe wenye gundi pande mbili ndio wa kwanza kununua. Hauna maji, kwa hiyo karatasi haikunjamani. Gundi ya fimbo inafuata, kwa karatasi nyepesi, lakini funga kifuniko kila mara maana kwenye joto letu hukauka upesi. Gundi nyeupe ya maji ni ya kitambaa na shanga. Ukitaka kubandika kitenge au kanga, usikibandike moja kwa moja kwenye kadi. Paka gundi nyeupe safu nyembamba juu ya karatasi ya 80, laza kitambaa kilichopigwa pasi, weka chini ya vitabu hadi kesho yake. Kikikauka, kata umbo lolote, moyo, ndege au hilali, na nyuzi hazitachomoka. Supa gluu iache kabisa: hupenya karatasi, huacha doa gumu, na hubandika vidole.

Kisu na rula

Kisu cha kuvunja ncha chenye wembe wa milimita 9 kinatosha, na ni chepesi kwa kona kuliko kile cha 18. Vunja ncha mapema, kabla hakijaanza kuvuta karatasi. Rula iwe ya chuma. Ya plastiki italiwa na kisu na baada ya hapo kila mstari utakuwa na jino. Chini weka kadibodi nene ya boksi ikiwa huna mkeka wa kukatia. Usikate juu ya kioo, kinaua wembe.

Kuhifadhi

Mnaokaa pwani, Tanga, Zanzibar, Mombasa, mnajua unyevu unavyoifanya karatasi ijipinde. Laza karatasi zako ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, juu ya ubao, mbali na ukuta, na nunua za kutosha miezi michache tu. Kadi iliyokwisha iache chini ya vitabu usiku mzima kabla ya kuitia kwenye bahasha, hasa kama umetumia gundi nyeupe.