Upasuaji wa kujifungua: sindano ya mgongo au nusu kaputi?

Ukichomwa sindano ya mgongo unabaki macho, unamsikia mwanao akilia kwa mara ya kwanza. Lakini ganzi haiondoi kila hisia. Utahisi kuvutwa na kukandamizwa tumboni, hasa mtoto anapotolewa. Pengine kichefuchefu presha ikishuka, au mwili kutetemeka. Hayo ni ya kawaida. Maumivu makali si ya kawaida: sema hapo hapo, uongezewe dawa au ulazwe usingizi. Mama hapaswi kuambiwa "vumilia tu".

Kwa nusu kaputi unalazwa usingizi kabisa na hutahisi upasuaji, ila mpira hupitishwa kooni, na ukiamka koo linauma na kidonda pia. Hatari ya matapishi kuingia mapafuni nayo huongezeka. Mimi ningechagua mgongo, dharura isipozuia.