Spageti na baklava jikoni Mombasa: bidhaa za kulipia ghali na zile ambazo Marikiti inatosha

Chakula cha jioni cha spageti, kikifuatwa na sinia ya baklava, kinaweza kuandaliwa nyumbani hapa Mombasa bila kuagiza chochote kutoka mbali, mradi mpishi ajue ni bidhaa zipi mbili asizozifanyia ubahili. Ya kwanza ni spageti yenyewe. Ya pili ni filo, yaani zile karatasi nyembamba mno za unga ambazo huuzwa zikiwa zimegandishwa katika friza za supamaketi kubwa. Vingine vyote, kuanzia nyanya, thomu na rehani hadi samli, korosho na hiliki, hupatikana Marikiti na katika maduka yanayoizunguka, na kwa maoni yangu mara nyingi huwa bora kuliko vile vinavyokuja katika mikebe na vichupa vya kigeni. Nimevipima vitu hivi kwa jinsi vinavyofanya kazi katika jiko la kawaida la gesi na katika oveni ndogo ya mezani, kwenye joto na unyevu wa pwani, kwa sababu maelekezo mengi yanayochapishwa kwenye pakiti yameandikwa na watu wasiojua jikoni mwetu huwaje saa nane za mchana.

Watu wa pwani si wageni wa spageti. Malindi, kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwetu, imekuwa na Waitaliano kwa miongo mingi; kituo chao cha kurushia setilaiti kilichoko Ngomeni kilirusha setilaiti ya San Marco 2 mwaka 1967, na mahali penye Waitaliano hapakosi spageti madukani. Wapishi wa Kisomali nao huiandaa kwa nyama na kuweka ndizi mbivu pembeni, desturi ambayo wengi wetu tumeionja na baadhi yetu tumeizoea kabisa. Kwa hiyo swali linalomkabili mnunuzi mbele ya rafu si kama spageti ipo, bali ni ipi aichukue kati ya pakiti zinazofanana kwa rangi na kutofautiana sana kwa bei.

Jibu limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti, mahali panapotajwa viungo. Spageti nzuri hutengenezwa kwa semolina ya ngano ngumu, ambayo pakiti huitaja kwa neno «durum». Ile ya bei nafuu mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa ngano ya kawaida, ile inayotupatia chapati na mahamri. Nchini Italia jambo hili halikuachiwa hiari ya mtengenezaji, kwani sheria ya mwaka 1967 iliagiza kwamba pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu. Sababu yake huonekana sufuriani. Ngano ngumu ina protini nyingi na gluteni inayoshika vizuri, hivyo uzi wa spageti hupikika ukabaki na ukakamavu kidogo unapotafunwa. Ule wa ngano laini huanza kutoa wanga mapema, maji yakawa kama uji, na ukichelewa kuuepua kwa muda mfupi tu unakatikakatika na kugandamana. Spageti za ngano ngumu zilizotengenezwa kwa kupitishwa katika matundu ya bronzi, badala ya yale yaliyopakwa tefloni, huwa na uso mkavu wenye ukwaruzo kama umenyunyiziwa unga, na mchuzi hushika hapo vizuri zaidi. Hizo huzidi bei, na kwa chakula cha familia cha siku ya kazi sioni kwamba zinahitajika. Ngano ngumu, hata hivyo, ni sharti.

Naongeza neno moja la kuitetea pakiti ya bei nafuu. Kwa tambi za Idi, zinazokaangwa kwa samli kisha zikapikwa kwa tui, sukari, hiliki na zabibu mpaka zinywe maji yote, ulaini ndio unaotakiwa, na semolina ya ngano ngumu ingekuwa gharama isiyo na faida.

Upishi wenyewe hauna mengi. Kwa kila mlaji, gramu 100 za spageti kavu hutosha; kwa kila gramu 100, lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi, kiasi ambacho huwashtua wengi lakini sehemu kubwa yake humwagwa pamoja na maji. Spageti iepuliwe dakika moja au mbili kabla ya muda uliotajwa na pakiti, kisha imalizie kupikika ndani ya mchuzi pamoja na kikombe kidogo cha maji yake ya kuchemshia, kwani wanga uliomo humo ndio unaounganisha mafuta na nyanya. Mchuzi ni thomu iliyokatwa vipande vyembamba na kulainishwa polepole katika mafuta ya zeituni bila kubadilika kuwa ya kahawia, nyanya zilizoiva vizuri zilizomenywa na kukatwakatwa, chumvi, na pilipili moja kwa anayeipenda. Nyanya za mkebe si mbaya, na msimu nyanya zinapokuwa haba na zenye maji mengi mimi huzitumia bila haya; lakini nyanya zilizoivia juani, zile laini ambazo wauzaji wa Marikiti huzipunguza bei jioni kwa sababu hazitalala, hutoa mchuzi mtamu usiohitaji kuongezwa sukari.

Rehani inastahili sentensi zake. Waitaliano hutumia aina yenye majani mapana na harufu tulivu, ambayo supamaketi huiuza ikiwa katika visanduku vya plastiki na mara nyingi imekwisha kunyauka. Mrehani wetu, huu huu unaofungwa pamoja na asmini katika vikuba, ni jamaa yake wa karibu. Harufu yake ni kali zaidi na ina mguso wa karafuu, kwa hiyo nusu ya kiasi kinachotajwa na mapishi ya Kitaliano hutosha, na utiwe baada ya moto kuzimwa. Ukitiwa mapema, mchuzi wote hunukia bibi harusi.

Kwenye baklava ndiko fedha nyingi zinakoweza kupotea au kuokolewa, na hoja ambayo kila mpishi wa hapa huizua ni moja: manda tunazo, filo ya nini? Hoja hii ni ya haki. Manda za sambusa za Mji wa Kale ni kazi safi ya mikono, na pakiti ya filo huuzwa ghali zaidi kuliko bunda la manda. Lakini vitu hivi viwili havifanani ila kwa sura. Manda hutengenezwa kwa kupanga madonge ya unga yaliyopakwa mafuta, kuyasukuma pamoja mpaka yawe mapana, kisha kuyaweka juu ya chuma cha moto na kuyabandua moja moja. Maana yake ni kwamba zimekwisha kupikwa nusu kabla ya kumfikia mnunuzi. Sifa hiyo ndiyo inayozifanya zistahimili kukunjwa, kujazwa na kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Zikipangwa tabaka kwa tabaka ndani ya oveni, sifa hiyo hiyo huwa kasoro, kwa kuwa hukauka zikawa ngumu badala ya kuachana na kuvunjika, na shira hubaki ikiogelea juu yake badala ya kupenya katikati. Filo ni unga mbichi uliotandazwa mpaka ukakaribia kuona upande wa pili. Ikipakwa samli na kuokwa, maji yaliyomo hugeuka mvuke, tabaka zikainuka na kutengana.

Wala asifikiri mtu kwamba kununua filo ni uvivu. Kusukuma karatasi hizo kwa mkono ni ufundi wa miaka. Huko Gaziantep nchini Uturuki, mji ambao baklava yake ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 ili jina lake lilindwe, mafundi hujifunza kazi hiyo tangu wakiwa vijana, na katika enzi ya masultani wa Istanbul baklava ilitoka katika jiko la kasri kwenda kwa askari wa Janisari katikati ya Ramadhani kwa msafara rasmi. Chakula kilichokuwa na jiko la sultani nyuma yake kinaweza kuruhusiwa kutumia friza ya supamaketi.

Friza hiyo, hata hivyo, ndiyo udhaifu mkubwa wa bidhaa hii hapa kwetu. Stima hukatika, magari hukawia njiani, na pakiti iliyoyeyuka kisha ikagandishwa tena huonekana nzima mpaka inapofunguliwa, ndipo karatasi zinapokutwa zimegandamana pembeni na kupasuka kila zinaposhikwa. Mnunuzi aibonyeze pakiti kwa upole: iwe imenyooka, isiwe na chembe za barafu zinazochezacheza ndani, na sanduku lisiwe na alama za kulowa. Duka ambalo friza yake imejaa ukungu wa barafu mpaka bidhaa hazionekani ni duka la kununulia maji ya kunywa, si filo. Nyumbani, pakiti ilale usiku mzima ndani ya friji ikiwa bado imefungwa. Ikitolewa kwenye friza na kuwekwa mezani moja kwa moja, unyevu wa hewa yetu huigandamia na kuiharibu. Wakati wa kazi, karatasi zifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, na panka izimwe, hata kama mpishi atatoka jasho, kwa sababu dakika chache za upepo huzigeuza kuwa vigae.

Mafuta ya kupaka yawe samli. Siagi ya kawaida huweza kuwa na maji hadi asilimia 16, na maji hayo hulainisha tabaka na kuacha madoa yanapoungua; samli imekwisha kuchujwa maji na mabaki ya maziwa, na samli njema ya ng'ombe ina harufu ambayo hakuna siagi ya kigeni inayoifikia. Pakiti ya filo ya gramu 400 hivi hunywa kiasi cha gramu 200 za samli iliyoyeyushwa. Mafuta mazito ya mimea yanayofanana na samli yana bei nzuri, ila huacha utando mdomoni, nami siyapendekezi.

Kuhusu njugu, pistashio ndiyo fahari ya Gaziantep, lakini pistashio zinazofika hapa ni ghali na mara nyingi zimekaa muda mrefu mno. Korosho za Kilifi na Kwale zinatoka karibu. Zina utamu wake, hazina ule uchungu wa walnati, na kwa kuwa zitakatwakatwa, hakuna sababu ya kununua nzima wakati vipande huuzwa kwa bei ya chini. Kasoro yake ni ulaini, ambao huifanya baklava ikose mlio inapotafunwa. Theluthi moja ya lozi hurekebisha hilo. Jumla ya gramu 350 hutosha sinia moja. Zikatwe kwa kisu, zisisagwe mpaka zikatoa mafuta, na zichanganywe na hiliki na mdalasini kidogo. Korosho za barabarani zilizokaangwa kwa chumvi ni tamu sana, lakini mahali pake ni barazani.

Karatasi zipangwe, kila moja ikipakwa samli, njugu zikiingia katikati, na sinia ikatwe vipande mpaka chini kabla ya kuingia ovenini, kwa sababu baada ya kuokwa kisu huvunja kila kitu. Nyuzi 170 kwa dakika 45 hivi ndicho kipimo kinachofaa. Oveni ndogo za mezani zina nyaya za moto zilizo karibu mno na sinia, kwa hiyo iwekwe ngazi ya chini na ifunikwe foili juu ikianza kugeuka rangi, la sivyo tabaka za juu huungua wakati za chini bado ni nyeupe. Shira ni ile ile ya kaimati, vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, pamoja na ndimu inayozuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Ichemshwe mapema, ipoe kabisa, kisha imiminwe juu ya baklava iliyotoka motoni wakati huo huo. Kikiwa kila kimoja ni cha moto, tabaka hulegea.

Kwa kuwa shira huhitaji saa kadhaa kuingia, baklava iokwe asubuhi na spageti ipikwe wakati walaji wamekwisha kukaa. Baklava ikishapoa kabisa, na si kabla, iwekwe ndani ya bati lenye kifuniko cha kubana. Friji huifanya samli igande na tabaka zinywe unyevu, na bati lililofunikwa mapema hufungia mvuke ndani. Karatasi za filo zilizobaki zisirudishwe kwenye friza. Hukaa siku chache kwenye friji zikifungwa vizuri, na kima chenye vitunguu na bizari kikikunjwa ndani yake kikaokwa, watoto hawaulizi sambusa ziko wapi.