Taa ya sola ya kulipa kila siku: maoni yangu baada ya kusi tatu

Wanawake wengi wa huku kwetu wameniuliza kama wachukue hizi taa za sola zinazolipiwa kila siku kwa simu. Yangu niliichukua Novemba 2022, nikaimaliza kuilipa Machi 2024, na bado inawaka. Jina la kampuni naliacha. Wauzaji wa taa za namna hii ni wengi na utaratibu wao unafanana.

Kwanza mjue ninakoishi, maana taa hii hii ukiifunga Langoni, mtaa wa mji wa Lamu nilikozaliwa, ni habari nyingine. Nimeolewa kaskazini, upande wa bara, ukishaipita Kiwayu unaelekea Kiunga. Mbele yetu bahari, nyuma yetu msitu unaoendelea hadi Dodori na Boni. Stima haijatufikia. Mtandao wa simu unaupata ukipanda kilima cha mchanga nyuma ya msikiti, na siku nyingine hata hapo huupati. Nyumba yetu ni ya udongo na boriti za mikoko, imeezekwa makuti, vyumba viwili na ukumbi, jiko liko nje. Tunalala watu wanane: mimi na baba watoto, watoto wetu wanne, mavyaa wangu (mama mkwe) na wifi yangu.

Kabla ya sola tulikuwa na koroboi mbili na kandili moja ya wageni. Nusu lita ya mafuta ya taa dukani kwetu ilikuwa shilingi 120, ikituchukua siku nne tukijibana. Simu tulikuwa tunampelekea mwenye jenereta, shilingi 30 kila ukichaji, simu mbili, mara tatu kwa wiki. Jumlisheni: mafuta shilingi 210 kwa wiki, simu 180, zote 390. Taa ya sola ilikuwa shilingi 50 kwa siku, yaani 350 kwa wiki. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mtaokoa pesa nyingi tangu siku ya kwanza anawadanganya. Nafuu yake ilikuwa shilingi 40 kwa wiki, na hapo bado hujahesabu shilingi 3,000 za kutanguliza. Pesa unaanza kuziona ukishamaliza siku 420 za kulipa, na jumla utakuwa umetoa shilingi 24,000.

Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya pesa. Niliinunua kwa sababu ya moto. Mtu wa nyumba ya makuti anajua. Mji wa Faza, kisiwani Pate, ulipoungua mwaka 2009, mamia ya nyumba yaliteketea, na mimi nilikuwa na miaka mitatu tu katika ndoa, na mtoto mchanga mkononi. Tangu siku hiyo nilikuwa silali mpaka nimezima koroboi ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe. Mavyaa wangu macho yake hayaoni vizuri, na usiku akiamka kwenda msalani alikuwa anabeba koroboi ikimtetemeka mkononi, chini ya makuti makavu ya kaskazi. Mwezi wa kwanza wa sola nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa miaka kumi na tatu. Kwa hilo peke yake ningeinunua tena.

Ndani ya boksi mnapata paneli yenye ukubwa wa sinia ndogo, kisanduku cha betri, balbu tatu zenye nyaya ndefu na swichi zake, tochi, redio, na waya wa kuchajia simu wenye vichwa vya aina nyingi. Yule kijana wa dukani, karibu na gati ya Lamu, alinionyesha kila kitu kwa utulivu. Alinichomekea balbu moja moja, akanipa kiti nikae. "Mama, usiondoke mpaka uifungue na kuifunga wewe mwenyewe," aliniambia, akanirudisha mara mbili mpaka nikajua. Huduma ya pale dukani naisifu bila kusita.

Kuifunga nyumbani kuna elimu yake, na hiyo hamtaipata kwenye karatasi ya maelezo. Paneli huja na misumari ya bati, na makuti hayashiki msumari. Baba watoto alichomeka boriti ndefu pembeni mwa nyumba, akafunga paneli juu yake kwa kamba ya nailoni, akailaza kidogo tu ili maji ya mvua yateremke. Huku kwetu jua la adhuhuri liko utosini, haina haja ya kuisimamisha sana. Tatizo kubwa ni chumvi. Upepo wa kusi unaleta ukungu wa bahari mpaka uani, na ukipita kidole juu ya kioo unauonja. Kila Ijumaa asubuhi mwanangu wa pili hupanda na kitambaa na kikombe kimoja cha maji ya jabia. Kikombe kimoja, kwa sababu maji ya jabia ni ya mvua, tunayanywa mpaka masika ijayo, na siwezi kumwaga ndoo nzima kuosha kioo. Asiyeipangusa paneli yake ataona taa inazima saa mbili usiku, kisha aseme sola ni mbovu.

Panya nao walikula waya wa balbu ya jikoni mwezi wa tano. Fundi mmoja wa Langoni aliuunga kwa risasi ya kulehemu kwa shilingi 100, na tangu hapo nyaya zote nimezipitisha ndani ya mpira wa maji uliochakaa.

Mwanga wenyewe ni mzuri, mweupe, hauchomi macho wala hautoi moshi. Siku ya jua kamili balbu tatu zilikuwa zinawaka kutoka magharibi mpaka saa nne usiku, na moja tukiipunguza inafika alfajiri. Mwezi wa tano, mbingu ikijifunika kwa masika, tukifika saa mbili na nusu tunashukuru. Balbu ya ukumbini ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Watoto wakirudi chuo cha Kurani wanaweka misahafu kwenye marufaa, halafu mkubwa anafungua madaftari ya shule. Mwaka 2023 alikuwa gredi ya sita, mtihani wa KPSEA wa kumaliza shule ya msingi unamngoja, na kwa mara ya kwanza aliweza kusoma akiwa amekaa sawa badala ya kuinamia koroboi mpaka nywele zinanuka mafuta. Mimi na wifi tunakaa upande wa pili tukisuka ukili wa majamvi. Ule wa rangi, wa zambarau na kijani, kwa koroboi huwezi kuusuka usiku, rangi zinafanana. Sasa jamvi moja nalimaliza kwa wiki mbili, zamani mwezi. Redio inatuletea taarifa ya habari ya saa moja, na mavyaa wangu haruhusu mtu azungumze mpaka imalizike.

Kuna mama mmoja wa Kiaweer, wale ambao wengi huwaita Waboni, anayekuja kutoka msituni kutuuzia asali. Zamani alikuwa anaharakisha kurudi kabla jua halijakuchwa. Siku hizi hulala kwetu, anachaji simu yake, na asubuhi ananiachia kibaba cha asali hata nikikataa.

Sasa malipo, na hapa ndipo penye malalamiko yangu.

Utaratibu uko hivi. Unatuma pesa kwa M-Pesa, wao wanakurudishia ujumbe wenye tarakimu tisa, unazibonyeza kwenye kisanduku, taa inafunguka kwa siku ulizolipia. Siku zikiisha, kisanduku kinajifunga. Jua linawaka, paneli iko juu, betri imejaa, na nyumba ni giza. Aliyeko mjini hawezi kuliona hilo kuwa tatizo, kwa sababu simu yake ina mtandao kitandani. Mimi napanda kilima cha mchanga na mtoto mgongoni, nangoja ujumbe, na ukichelewa nateremka bila kitu.

Nilipata njia. Kaka yangu wa Lamu akawa ananilipia siku kumi kumi, anaandika zile tarakimu kwenye karatasi, anampa nahodha anayekuja kaskazini. Ilifanya kazi vizuri mpaka Julai 2023. Kusi ilikuwa kali, boti zikakaa siku nyingi bila kupanda, na karatasi ilipofika ilikuwa imelowa. Tarakimu ya sita haikujulikana kama ni tatu au nane. Tukajaribu tatu, ikakataa. Tukajaribu nane, ikakataa. Kumbe na ile ya mwisho ilikuwa imefifia, sisi tukadhani ni moja nayo ni saba. Ukikosea mara tatu kisanduku kinakataa kubonyezwa kwa saa nzima. Mwanangu alikaa nacho mapajani, anangoja saa ipite ajaribu tena, mpaka akasinzia.

Nikapanda kilimani nikawapigia. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mama, fika duka lililo karibu nawe watakusaidia." Duka lililo karibu nami ni Lamu. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000, kulala usiku mmoja kwa ndugu, na hapo ni bahari ikiruhusu. Nikamwomba anisomee zile tarakimu kwa mdomo. Akasema hawezi, akaunti iko kwa namba ya kaka. Ule mwezi tulikaa gizani siku 23. Wifi yangu alijifungua ndani ya siku hizo, usiku, mkunga akimulikiwa kwa koroboi na tochi ya simu ya baba watoto iliyobaki na chaji kidogo. Alhamdulillahi, mama na mtoto walisalimika. Lakini kisanduku chenye betri iliyojaa kilikuwa ukutani muda wote ule, na hilo sijalisahau.

Hata bila ya mvua na karatasi, hesabu yenyewe ya kila siku haitufai. Mume wangu ni mvuvi. Kaskazi, bahari ikitulia, anazamia kamba, na kwa wiki mbili nzuri anaweza kulipa taa ya miezi minne kwa mpigo. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili mpaka Septemba, hatoki nje ya mwamba, tunakula ng'onda, samaki tuliowakausha, na kuuza majamvi. Pesa ya watu wa huku inakuja kwa msimu, haiji kwa siku. Nilipokuwa nazo Januari nilitaka kulipa siku 150 mara moja niwe salama kusi nzima. Ikanikatalia, mwisho siku 30. Sielewi sababu ya kumkataza mtu kulipa deni lake mapema. Katika miezi kumi na sita ile, nimehesabu kwenye daftari langu, taa ilikuwa imefungwa siku 70, na zaidi ya hamsini kati ya hizo zilikuwa za kusi.

Wifi yangu mwingine, wa Ndau, alikwenda njia tofauti. Wakati wa kaskazi alinunua taslimu taa ya kubeba yenye paneli yake ndogo mgongoni, shilingi 1,800. Balbu ni moja, haina redio, na inachaji simu polepole sana. Lakini haina tarakimu wala haijui kujifunga. Mwaka uliofuata akanunua ya pili.

Kwa hiyo anayeniuliza leo namjibu kulingana na anakokaa. Kama uko Lamu, Mokowe, Mpeketoni, mahali ambapo mtandao unaupata ukiwa umekaa na kipato chako hakiyumbi sana, chukua hii ya kulipa kila siku, ni kifaa imara na watu wake dukani ni waungwana. Kama uko huku juu, nunua taslimu ile ndogo wakati kamba wanatoka, anza na moja, ongeza. Ukilazimika kuchukua ya mkopo, mwambie anayekulipia akuandikie zile tarakimu kwa maneno, "sita, nane, moja", kwa kalamu ya wino usiofutika, na karatasi aitie ndani ya mfuko wa plastiki. Akaunti iandikishwe kwa namba yako wewe, hata kama simu yako inakaa siku nzima bila mtandao. Na uliza kabla ya kutia sahihi mwisho wa siku unazoweza kulipia kwa mara moja. Mimi sikuuliza.

Malipo ya mwisho niliyatuma Machi 2024, katikati ya Ramadhani. Kisanduku kikatoa mlio mrefu ambao sikuwa nimeusikia, na tangu siku hiyo hakijajifunga. Usiku ule tulikula daku chini ya balbu ya ukumbini, wote wanane na yule mtoto wa wifi, na mavyaa wangu akasema iachwe ikiwaka mpaka adhana. Betri sasa imeanza kuchoka, balbu tatu hazifiki saa nne, zinakoma saa tatu na robo hivi. Fundi ameniambia betri mpya inawezekana. Kaskazi ikirudi, inshallah, nitashuka Lamu nikamuulize bei.