Kipimo cha vinasaba kilichonikataza maziwa

Nimekua nakunywa maziwa. Mama yangu ni Mmaasai wa Kisongo, ng'ombe wako nyuma ya nyumba, na ripoti ilipofunguka kwenye simu nilikuwa na kikombe cha maziwa ya asubuhi mkononi. Ikaniambia huenda tumbo langu haliyawezi. Nikamsomea mama. "Basi waje wachukue na ng'ombe kabisa."

Kifaa aliniletea kaka anayeishi Marekani. Hakuna kula nusu saa, kisha unatema mate kwenye kichupa hadi kwenye mstari. Mate yalinikauka, nikahangaika karibu dakika ishirini. Akarudi nacho, majibu yakaja baada ya wiki sita.

Kumbe kwenye maziwa wanatazama badiliko moja tu la kinasaba, lile lililozoeleka kwa watu wa Ulaya Kaskazini. Mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, wakaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe. Yako jirani kabisa na lile la Wazungu na kazi ni ileile: mtu mzima anaendelea kutengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Langu hawakulitafuta. Wangesema hivyo tu ningewaelewa.

Hapo nikarudi kusoma maandishi madogo. Saratani ya matiti walinipa alama ya kijani, yaani hawakuona hatari, lakini chini wameandika kwamba wamekagua sehemu chache tu za vinasaba husika. Kijani hicho hakina maana kubwa kwangu.

Kilichonifaa kilikuwa kwenye ukurasa ambao nusura niupite: nimebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Baba ni mtu wa Muheza, na huko malaria imekaa na watu miaka na miaka; kinasaba hiki kimezoeleka penye malaria, kwa hiyo sikushangaa sana. Nilienda hospitali moja hapa Arusha mjini. Daktari akaitazama simu, akanirudishia: "Hiyo iweke kando, dada, tupime damu." Wakapima aina za himoglobini. AS, yaani kinasaba kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu, kama ripoti ilivyosema.

Mimi siumwi. Tatizo ni kwamba mchumba wangu ni wa Musoma, nako malaria ipo, na wote wawili tukiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa mtoto SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Kila mimba, jamani. Shangazi yangu mmoja anaamini akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo.

Mchumba alisuasua wiki mbili kwenda kupima. "Mbona sijawahi kuumwa?" Nikamwambia hata mimi sijawahi. Alhamisi akaenda, majibu yakatoka AA, hana kinasaba hicho. Usiku ule nililala.

Nawapa nyota tatu kati ya tano, zote za selimundu. Ukinunua, jibu lolote litakalokugusa lipeleke hospitali kabla hujaacha chakula au kuvunja uchumba. Bado wananitumia barua pepe za mapishi yasiyo na maziwa.