Umemaliza fomu siksi uko Mbeya: upige tempo (kufundisha shule kwa muda) au usome kompyuta?

Pepa zinaisha mwezi wa 5, chuo mpaka wa 10 au 11 huko, ukitoa muda wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa waliopangiwa unabaki na miezi kadhaa ya kukaa home unaosha vyombo na divisheni wani yako.

Tempo kwanza, maana mi naipenda zaidi. Unaingia shule ya kata huko Uyole, asubuhi ya mwezi wa 7 baridi mpaka chaki haishikiki, halafu kadogo ka fomu two kananyoosha mkono, "tichaa, kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya?" Aisee una A ya hesabu na umekwama, hapo ndo unajua ulichokuwa unakariri PCM (fizikia, kemia, hesabu) yote ile. Hela ndogo, saa nyingine inachelewa, shule zingine zinakupa chakula tu na asante, so ulizia kabla hujaanza. Ila unajifunza kusimama mbele za watu.

Kompyuta, vituo vipo mjini, Mwanjelwa huko havikosi, ada unalipa wewe (yaani mzee) na mara nyingi ni Word na Excel basi. Kama hujawahi kugusa kompyuta na umeomba MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapo Mbeya) au uhasibu, nenda, asainmenti za chuo zinatypiwa hizo. Kama laptopu ipo home, Excel unajifunza jioni ukitoka kufundisha.

Anayetaka udaktari? Tempo, bila kufikiria, atakuja kuongea na wagonjwa huyo.